Nimeanza chesi nikiwa mtu mzima: niendelee au niachane nayo?

Ukonga Mwisho (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Naomba mawazo ya watu waliopita njia hii, hasa mlioanza chesi mkiwa tayari na kazi na familia, si wale mliofundishwa mkiwa shule ya msingi.

Nina miaka 38. Drafti nimecheza tangu utotoni na kijiweni kwetu sikuwa mtu wa kufungwa hovyo. Chesi nilioneshwa na kijana mmoja ofisini mwaka jana, ikanishika. Najua kete zote zinavyotembea, najua kumficha mfalme pembeni kwa kumpitishia ngome, najua namna mbili tatu za kuanza. Nacheza kwenye simu, mara nyingi usiku watoto wakishalala, michezo ya dakika 5.

Kinachonisumbua ni kwamba sisogei. Pointi zinapanda mpaka karibu 800, zinashuka hadi 650, zinapanda tena, zinashuka tena. Nikifungwa mfululizo usingizi hauji, narudia ile hatua kichwani mpaka saa nane. Mke wangu hajanigombeza, ila ameshaniuliza kwa upole kwa nini kitu ninachokiita burudani kinaniacha nimenuna. Nilikosa jibu la kumpa.

Je, kwa umri huu mtu anaweza kufika popote, au niliyopata ndiyo hayo hayo? Kuna mtu ananishawishi nilipie mafunzo kila mwezi, nilipe? Na zaidi ya yote, mtu anajuaje kwamba wakati wa kuacha umefika? Sitaki kuacha kwa hasira, wala sitaki kung'ang'ania kwa ubishi.

Natanguliza shukrani.

Kokoto

Mkuu, acha. Nasema hivi kwa nia njema kabisa. Mimi nilicheza kama miaka miwili, nikagundua kwamba kitu nilichokipenda ni kushinda, chesi yenyewe hapana. Mchezo ukiwa mrefu natamani uishe. Nikishinda nafurahi kidogo, nikifungwa siku imeharibika. Nikafuta programu na wala sijawahi kuikumbuka. Saa zile sasa natembea jioni na binti yangu, na Jumapili narudi kijiweni kwenye drafti kwa sababu pale kuna watu na maongezi.

Si kila mlango ukiufungua lazima uingie ndani.

Mzee wa Drafti

Ukonga Mwisho, kijana wangu, pole na hongera. Jibu la Kokoto ni la kweli na usilipite haraka, nitalirudia. Ila kwanza nikueleze hizo pointi ni kitu gani, maana naona zinakunyima usingizi bila wewe kujua zinapimaje.

Hesabu hiyo aliitunga Arpad Elo, profesa wa fizikia wa Marekani aliyezaliwa Hungary, na shirikisho la dunia, FIDE, likaanza kuitumia mwaka 1970. Tovuti za leo zinatumia hesabu hiyo au ndugu zake. Namba peke yake haisemi lolote, inasema tu umbali kati yako na mwingine. Ukimzidi mwenzako pointi 200, unatarajiwa kuvuna kama alama 76 katika kila michezo 100. Ukimzidi 400, kama 91. Mkiwa sawa, 50 kwa 50.

Sasa jiulize, ile programu inakutafutia mpinzani gani? Anayelingana nawe. Ukiwa 700 unaletewa wa 700. Ukipanda 1200 unaletewa wa 1200. Ukifika 1800, Mungu akipenda, wanakusubiri wa 1800. Maana yake ni kwamba utafungwa karibu nusu ya michezo yako leo, na utafungwa karibu nusu ya michezo yako baada ya miaka kumi hata kama umekuwa mchezaji mzuri kuliko wote mtaani kwenu. Hakuna ghorofa ya kupanda ambako kufungwa kunaisha. Kijiweni ilikuwa tofauti: pale wapinzani ni wale wale, ukiwazidi umewazidi, unakaa kwenye benchi jioni nzima na wao wanapokezana. Umezoea heshima ya namna hiyo. Mtandaoni haipo kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo swali la kuendelea au kuacha usilifunge kwenye pointi. Kama unasema "nikifika 1000 nitatulia", hutatulia. Chukua mchezo mmoja uliofungwa, mrefu kidogo, uurudie kesho yake mchana ukiwa umeshiba na umetulia. Ukiona kinakuvuta, unataka kujua kulikuwa na njia gani nyingine pale farasi alipokaa katikati, basi wewe ni wa mchezo huu hata ukibaki 700 maisha yako yote. Ukiona unaruka haraka mpaka mwisho, au unatafuta tu wa kumlaumu, basi Kokoto amekujibu.

Kuhusu namba zenyewe, usilinganishe za tovuti moja na nyingine. Tovuti ya Lichess inamwanzisha kila mgeni kwenye 1500 halafu inamshusha au kumpandisha, wengine wanaanzia chini. FIDE yenyewe tangu Machi 2024 haiandiki mchezaji aliye chini ya 1400. Ile 700 yako ni ya hapo unapochezea tu, usiitembeze.

Na dakika 5 achana nazo kwa sasa. Mtu anayejifunza hana cha kufanya kwa dakika 5 zaidi ya kurudia alichozoea. Tafuta michezo ya dakika 15 yenye nyongeza ya sekunde 10 kila hatua, au dakika 30. Mmoja tu kwa siku unatosha.

Ukonga Mwisho

Shikamoo Mzee. Hili la nusu kwa nusu sikuwahi kuliona hivyo. Nilikuwa naamini kuna mahali nitafika nianze kushinda kama kijiweni.

Lakini kwenye umri hamjanijibu. Nafungwa na watoto. Najua ni watoto kwa sababu wanaandika kitoto, na mara nyingine wananifunga hatua ya saba.

Binti Pangani

Habari kaka Ukonga. Mimi nilianza nikiwa na miaka 31, sasa nimefika arobaini na kitu na bado nacheza. Nikujibu hapo kwenye umri, maana niliteswa na swali hilo hilo mpaka nikaenda kusoma.

Ukweli wenye uchungu kwanza. Kuanza mapema kunasaidia. Mwaka 2007 watafiti Fernand Gobet na Guillermo Campitelli walichapisha kazi yao juu ya wachezaji wa Argentina, wakaona kwamba walioanza utotoni walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kufika daraja la juu kuliko walioanza baadaye, hata ukizingatia saa za mazoezi. Kwa hiyo ubingwa wa dunia tuwaachie wengine. Gukesh wa India ameuchukua Desemba 2024 akiwa na miaka 18. Hayo ni maisha mengine.

Lakini utafiti huo huo una jambo la pili ambalo watu hawalisemi. Kati ya waliofika kiwango cha umahiri, mmoja alihitaji kama saa 3,000 za mazoezi na mwingine alihitaji zaidi ya 23,000. Wapo walioweka saa nyingi vile vile na hawakufika kabisa. Tofauti kati ya mtu na mtu ni kubwa mno. Ukijipima kwa kijana wa ofisini kwako unajipima kwa kipimo kisicho chako.

Halafu kuna jambo la kumbukumbu, na hili ndilo lililonipa moyo. Mholanzi Adriaan de Groot, na baadaye William Chase na Herbert Simon kule Marekani mwaka 1973, waliwaonesha wachezaji ubao kwa sekunde chache tu kisha wakawaambia wazipange kete upya bila kuangalia. Mabingwa walizipanga karibu zote. Wanaoanza waliweza chache. Kisha Chase na Simon wakazitawanya kete ovyo, mpangilio ambao hautokei kwenye mchezo wa kweli, na bingwa akawa karibu sawa na anayeanza. Maana yake bingwa hana kichwa cha ajabu cha kukariri. Anachokiona ni makundi ambayo ameshayaona mara nyingi: mfalme aliyefichwa na askari wake watatu, farasi na askofu wanaolenga chumba kimoja. Mtoto anayekufunga hatua ya saba anajua kundi moja ambalo wewe hujaliona bado. Basi.

Nakuwekea mfano, wewe ukiwa nyeupe (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni mstari), niambie kama huu ndio unaokuua:

Nyeupe e4, nyeusi e5. Farasi f3, farasi c6. Askofu c4. Hapo nyeusi anarusha farasi wake d4, anaonekana kama hajui anachofanya, ameacha askari wa e5 bila ulinzi. Unamla kwa farasi. Malkia mweusi anatoka g5, anamtishia farasi wako na askari wako wa g2 kwa pamoja. Unaona nafuu, unaruka f7 na farasi, unatishia malkia na ngome. Malkia anakula g2. Ngome yako inakimbilia f1. Malkia anakula e4 na kumtishia mfalme. Askofu anarudi e2 kuziba. Farasi wa d4 anatua f3, mfalme hana pa kwenda na askofu hawezi kumla farasi kwa sababu amefungwa na malkia. Mchezo umekwisha hatua ya saba.

Dawa yake? Hatua ya nne usile askari. Mle yule farasi wa d4 kwa farasi wako, yeye atamla kwa askari wa e5, halafu mpeleke mfalme wako pembeni. Mko sawa kwa kete, wewe umeshatoa askofu na kumficha mfalme, yeye hana kete hata moja iliyotoka zaidi ya askari. Huyo mtoto anayekufunga hapo hana tena alichokariri na inabidi aanze kufikiri kama wewe.

Kundi hilo limeshaingia kichwani mwako sasa, na umri wako haukulizuia.

Ukonga Mwisho

Dada, ndio huo huo. Herufi kwa herufi.

Jirani wa Ziwa

Naongezea kidogo toka Kampala, niko huku kikazi. Huku watu wanalitaja sana jina la Phiona Mutesi, mchezaji wa chesi kutoka mtaa wa Katwe, na wenye umri wetu wakilitaja wanalitaja vibaya, kana kwamba yeye alizaliwa na kitu sisi hatuna. Alianza kama miaka tisa, kwa hiyo kwa umri hatufundishi lolote. Anatufundisha kwa upande mwingine: mwalimu wake, Robert Katende, hakuwapa watoto wale simu. Aliwapa ubao na wenzao. Walikuwa wanakaa uso kwa uso kila siku, anayejua anamwonesha asiyejua, mchezo ukiisha wanaurudia pamoja. Mwaka 2010 Phiona alikuwa Urusi kwenye Olimpiadi ya chesi na Uganda, 2012 alikuwa Istanbul, akapata cheo cha FIDE.

Mimi nilikuwa karibu kuacha kama wewe. Kilichonibakiza ni kupata watu wanne wa kucheza nao Jumamosi, wawili ni wakubwa kuliko mimi. Mtu akikufunga mezani, anakuonesha alipokuona umelegea, mnakunywa chai. Kwenye simu anapotea, unabaki na namba nyekundu. Sijui kwa nini watu wanashangaa kwamba hili la pili linaumiza zaidi.

Hapo Dar wachezaji wapo na mashindano yapo. Tafuta watu kabla hujaamua kuacha, maana bado hujaujaribu mchezo wenyewe, umejaribu simu.

Kokoto

Jirani, hapo nakuunga mkono. Mimi nilicheza peke yangu muda wote ule. Sisemi ningebaki, ila ningeacha nikiwa najua ninachokiacha.

Ninachopinga ni ule wimbo wa kwamba chesi inaongeza akili, kwa hiyo usiache. Nimeusikia mno, wazazi wanaambiwa hivyo na watu wazima wanajiambia hivyo ili wasijione wanapoteza muda.

Binti Pangani

Kokoto uko sawa, na kuna ushahidi mzito upande wako. Uingereza walifanya jaribio kubwa, shule 100 za msingi, nusu wakafundishwa chesi darasani kwa karibu mwaka mzima wa masomo. Matokeo yalitoka 2016: mwaka mmoja baada ya mafunzo, waliofundishwa hawakuwa wamewazidi wenzao kwenye hisabati. Chesi inakufanya uwe mzuri kwenye chesi. Mtu akiendelea, aendelee kwa sababu anapenda chesi. Ukiifanya dawa ya kitu kingine utaikatia tamaa kama unavyokatia tamaa dawa isiyofanya kazi.

Mimi huwa naipenda saa ile ambayo nimekaa dakika nzima bila kugusa kete na sijui nifanye nini, halafu polepole naanza kuona. Zamu zangu kazini ni za kelele na watu kunivuta huku na huku. Hakuna sehemu nyingine kwenye wiki yangu ninaporuhusiwa kufikiria jambo moja tu. Hiyo inanitosha, na pointi zangu zimesimama pale pale muda mrefu.

Mzee wa Drafti

Binti umenena. Na kwa anayetaka mfano wa mtu mzima aliyechelewa, yupo Mikhail Chigorin wa Urusi. Alijifunza mchezo akiwa na miaka 16 na hakuushika kwa dhati mpaka alipopita miaka ishirini, akiwa mtumishi wa serikali. Mwaka 1889 na tena 1892 alikwenda Havana kugombea ubingwa wa dunia dhidi ya Steinitz. Alishindwa mara zote mbili, na Warusi mpaka leo wanamhesabu kama baba wa chesi yao. Simleti hapa kusema nawe utagombea. Namleta kwa sababu alifungwa na bado aliupenda.

Ukonga, nataka nikuambie habari ya drafti na sataranji, yaani hii chesi, maana umetoka kwenye drafti kama mimi, na wengi wetu tunakwama sehemu zile zile.

Ubao ni ule ule, vyumba 64. Lakini kwenye drafti kula ni lazima. Kwa hiyo macho yetu yamefundishwa kumlazimisha mtu: namtolea kizibo ale, akila nimekula viwili, nakwenda kuwa kingi. Hilo ni jambo zuri sana na usiliache nyuma. Kwenye sataranji hatua za kulazimisha zipo tatu: kumtishia mfalme, kula kete, na kuitishia kete kubwa. Kabla ya kila hatua, yako na ya mwenzako, tazama hizo tatu. Mcheza drafti akijizoesha hivyo anaona mitego haraka kuliko mtu aliyetoka patupu.

Ugonjwa wetu upo kwenye mambo mawili. La kwanza, tumezoea kwamba ukitishiwa lazima ujibu, na ukipewa lazima ule. Kwenye sataranji unaruhusiwa kukataa. Askari wa bure wa e5 aliyekuwekea Binti hapo juu amewaua wacheza drafti wengi kwa sababu mkono unakwenda wenyewe. La pili, vizibo vyetu vinakwenda mbele tu, havirudi mpaka viwe kingi. Kwa hiyo tunasukuma askari wa sataranji kama vizibo, mbele, mbele, na farasi na maaskofu wamelala nyumbani. Askari wa sataranji naye harudi, ndiyo maana inabidi umsogeze kwa uchungu. Toa farasi wawili, toa maaskofu, mfiche mfalme, halafu ndipo ufikirie mashambulizi. Nimewaona vijana wakipanda kwa jambo hili moja tu.

Hata bao halitusaidii sana hapo. Kete 64 kwenye mashimo 32, unahesabu mbali kweli kweli, lakini kete zote ni sawa. Huku kila kete ina tabia yake na inabidi uijue.

Na mafunzo ya kulipia, usilipe. Sijasema ni mabaya, nasema hujafika kuyahitaji. Lichess ni ya bure kabisa, ni ya shirika lisilo la faida, haina matangazo, ilianzishwa 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis, na mafumbo yake hayana kikomo. Mchezo ukiisha unaweza kuuchunguza kwa Stockfish, ile programu ya kompyuta inayochambua chesi, pale pale bila kulipa senti. Ila usimkimbilie Stockfish kabla hujaangalia mwenyewe. Urudie mchezo wako kwanza, useme kwa maneno yako ulipopotea, ndipo umuulize. Ukianza na yeye atakuambia hatua sahihi na hutajua kwa nini.

Fedha hiyo nunua ubao wa kukunja na kete za plastiki, uweke mezani nyumbani. Watoto wako wataanza kuuliza.

Kitasa

Nilikuwa msomaji tu kwenye uzi huu. Naomba niulize: hamwoni kwamba mnamwambia abadilishe kila kitu? Muda wa mchezo, mahali, watu, namna ya kujifunza. Mtu akibadilisha vyote hivyo si ameacha mchezo wa kwanza na kuanza mwingine?

Jirani wa Ziwa

Ndiyo, Kitasa. Ndivyo ninavyomshauri hasa. Ule wa kwanza, wa dakika 5 saa sita usiku peke yake kitandani, auache leo. Kwa ule wa pili, hajafika hata mahali pa kuamua.

Ukonga Mwisho

Wakuu nimesoma yote, mengine nimesoma na mke wangu. Aliyemgusa zaidi ni Kokoto, na mimi pia, kwa sababu nilijipima kwa maneno yake. Nilifanya alivyosema Mzee: nimechukua mchezo niliofungwa wiki iliyopita, nikaurudia Jumapili mchana kwenye ubao niliochora kwenye karatasi ngumu, vizibo vya soda nikiviandikia herufi. Nilipoinua kichwa chai ilikuwa imepoa na sikuwa nimekasirika hata kidogo. Niliona mahali ambapo ngome yangu ingeweza kuingia safu ya d, na nilifurahi kuiona ingawa mchezo wenyewe ulishaisha zamani.

Kwa hiyo ninaendelea. Dakika 5 nimeziondoa. Nimekubaliana na mama watoto kwamba sichezi baada ya saa nne usiku, na nikifungwa mara mbili siku hiyo nafunga simu. Mafunzo ya kulipia nimemjibu yule mtu kwa heshima kwamba bado. Jirani, kuna jamaa wawili nimewapata kazini upande wa stoo, wanacheza wakati wa chakula cha mchana, na mmoja anakaribia kustaafu.

Pointi nimezificha, kumbe programu inaruhusu kuzizima zisionekane.

Kokoto, asante. Ningekuwa nimejibu tofauti pale mezani ningefuata njia yako bila aibu.

Sasa Mzee, nina swali la ufundi, samahani kwa kukusumbua. Huyu anayekaribia kustaafu juzi alibaki na mfalme peke yake, mimi nikiwa na mfalme na ngome. Tulizunguka mpaka tukakubaliana sare. Inafungwaje?

Kokoto

Hakuna cha aibu kokote hapo, mkuu. Cheza.

Mzee wa Drafti

Hujanisumbua, hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote uliyouliza.

Ngome peke yake haiwezi kumfunga mfalme, na mfalme wako peke yake hawezi. Kazi inafanywa na wote wawili. Weka ngome kwenye mstari unaomkata mfalme wake asivuke, tuseme yeye yuko mstari wa tano, ngome yako iwe mstari wa nne. Hapo amebaki na nusu ya ubao. Usianze kumtishia tishia, kila tishio lisilo na kazi linampa nafasi ya kutoka. Mlete mfalme wako, hatua kwa hatua, nyuma ya mstari huo.

Unachongoja ni wafalme wawili watazamane ana kwa ana, kimebaki chumba kimoja tu katikati yao, na zamu ya kucheza iwe yako. Hapo ndipo unamtishia kwa ngome kutoka pembeni. Hawezi kuja mbele kwa sababu mfalme wako anavilinda vyumba vya mbele yake, kwa hiyo analazimika kurudi mstari mmoja nyuma. Umemsukuma. Rudia. Mstari wa sita, wa saba, wa nane, na kwenye wa nane tishio hilo hilo ndilo la mwisho.

Akiikaribia ngome ili aile, ihamishe mbali upande wa pili wa ubao, kwenye mstari ule ule, ubaki umemkata. Na ikitokea wafalme wako pembeni kidogo, hawajatazamana, na ni zamu yako, usiharibu: sogeza ngome chumba kimoja kwenye mstari wake, tu kwa kungoja. Yeye ndiye atakayelazimika kusogea, na akisogea kuja mbele ya mfalme wako, mtishie.

Ukiifanya sawasawa haizidi hatua 16 popote zilipoanzia kete. Una nafasi ya kutosha, kwa sababu kanuni inaruhusu kudai sare baada ya hatua 50 za kila upande bila kete kuliwa wala askari kusogezwa. Angalia tu usimnyime vyumba vyote huku hujamtishia, maana hiyo ni sare pale pale.

Fanya dhidi ya kompyuta leo jioni mpaka mkono uzoee. Halafu kesho saa ya chakula mwambie yule mzee wa stoo mrudie kutoka pale mlipoishia, na umwoneshe baada ya hapo. Ukirudi nikupe ya mfalme na askari mmoja, ambayo ni ngumu zaidi na nzuri zaidi.